Asili ya Rey: jibu la 2017, jibu la 2019, au lile lililobaki kwenye karatasi?

Mzamivu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimemaliza kuzirudia filamu zote tisa za Star Wars kwa mpangilio wa namba, na kuna jambo moja nataka tulijadili kwa utulivu. Rey ni mtoto wa nani, na ni jibu lipi lilistahili kubaki? Uzi huu unataja kila kitu mpaka mwisho, hivyo ambaye hajazitazama aupite.

Kwa waliosahau: The Force Awakens (2015) inamkuta Rey kwenye jangwa la Jakku, binti muokota vyuma chakavu anayechora alama ukutani kila siku akisubiri wazazi warudi. J.J. Abrams aliliweka swali hilo mezani, akaondoka bila kulijibu. Miaka miwili baadaye Rian Johnson akalijibu kwenye The Last Jedi. Snoke, kiongozi wa maadui, ameshakatwa vipande viwili, chumba kinaungua, na Rey mwenyewe ndiye anayetamka kwamba wazazi wake hawakuwa watu wowote. Kylo Ren, mwanafunzi wa Snoke, anamalizia: walikuwa wachuuzi wa vyuma waliomuuza wapate pesa ya kulewea, na wamelala kwenye kaburi la masikini huko huko Jakku. Ilipofika 2019 Abrams akarudi na The Rise of Skywalker, na jibu likapinduliwa: Rey ni mjukuu wa Palpatine, yule mtawala mwovu wa filamu za zamani, na wale wazazi walimuacha Jakku ili kumficha.

Njia ya tatu haikupigwa picha kabisa. Colin Trevorrow ndiye aliyekuwa aongoze sehemu ya tisa mpaka alipoondoka Septemba 2017. Mswada wake, Duel of the Fates, ulivuja Januari 2020 naye akathibitisha kuwa ni wa kweli. Humo Rey anabaki mtoto wa watu wa kawaida.

Mimi nasimama na 2017. Mwaka 1980 hakukuwa na neno zito kwa Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza, kuliko kuambiwa kwamba Darth Vader ni baba yake. Rey ni kinyume chake. Maisha yake yote anatamani kuwa wa ukoo fulani, kwa hiyo neno zito kwake ni kwamba hakuna ukoo. Ukimpa babu aliyekuwa mtawala wa galaksi nzima, umempa kile alichokuwa akikililia, hata kama kimeoza. Wale wa 2019 karibuni, nataka hoja zenu.

BintiKisosora

Kaka Mzamivu, mimi ni wa 2019 na nitakueleza kwa nini.

Hilo pigo la 2017 lilimuachia Rey kovu gani? Anaambiwa yeye si kitu, na muda si mrefu yumo ndani ya Millennium Falcon akitungua ndege za adui kwa furaha, kisha anainua mawe kule Crait na watu wanatoka salama. Namtafuta aliyejeruhiwa simuoni. Sasa njoo 2019, pale Pasaana. Yeye na Kylo wanavutana chombo angani kwa Nguvu (the Force), mara radi inamtoka vidoleni, chombo kinalipuka, naye anaamini amemuua rafiki yake Chewbacca. Kuanzia hapo anajiogopa mwenyewe. Hilo ni kovu.

Halafu tuseme kweli, kwetu watu bado wanauliza "mtoto wa nani huyu?" Binti anakataliwa posa kwa sababu ya alichofanya babu yake kabla hajazaliwa. Tumelelewa na msemo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Filamu inamchukua binti wa damu mbaya kuliko zote, inamsimamisha mbele ya babu yake anayempa kiti, naye anakataa. Mwishoni, kule Tatooine, anaulizwa jina la ukoo, anajibu Skywalker. Ukoo ule ulikuwa umeisha kwa damu alipokufa Ben, yaani Kylo Ren kwa jina lake la kuzaliwa. Aliyebaki kuubeba ni yule waliyemfundisha. Mimi pale nililia na sioni cha kuficha.

MwalimuWaZamu

Niwape kipimo ninachokitumia, maana bila kipimo tutabaki na wa kulia na wa kununa.

Kubadilisha jibu katikati ya safari si dhambi. Mfululizo huu umeishi hivyo tangu zamani. Leigh Brackett alipoandika rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back (filamu ya 1980) mwaka 1978, baba yake Luke alikuwa mtu mwingine kabisa, anamtokea mwanawe kama mzimu. Vader kuwa baba kulikuja baada ya Brackett kufariki, George Lucas aliposhika kalamu mwenyewe. Siri ilifungwa kiasi kwamba David Prowse, aliyevaa lile vazi jeusi, alipewa maneno ya uongo ayaseme mbele ya kamera, kisha James Earl Jones akaingiza maneno halisi studio.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: jibu jipya likishaingia, rudi ukatazame matukio ya zamani. Je, yamekua au yamesinyaa? Chukua filamu ya 1977. Luke anamuuliza Obi-Wan baba yake alikufaje. Alec Guinness, anayemwigiza Obi-Wan, ananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kabla ya 1980 ule ulikuwa ukimya wa mzee mwenye huzuni. Baada ya 1980 ni ukimya wa mtu anayetafuta uongo wa kumtosha kijana. Hata mjomba Owen, anaposema kwamba kufanana na baba ndiko anakokuogopa, anaeleweka upya. Matukio yamekua.

Sasa fanya hivyo hivyo na 2017. Kwenye filamu ya 2019 Kylo anasema kwamba hakudanganya, kwamba wazazi wale walichagua kuwa si kitu. Snoke aliyekatwa vipande viwili kumbe alitengenezwa na Palpatine. Ukirudi kwenye kile chumba cha kiti cha enzi, kila mtu amepungua: Snoke ni mwanasesere, Kylo amesema nusu ya habari, na machozi ya Rey ni ya jambo ambalo si kweli. Matukio yamesinyaa. Daisy Ridley mwenyewe, mwigizaji wa Rey, alieleza mwaka 2020 kwamba jibu la wazazi lilikuwa likihama, kuna wakati walifikiria undugu na Obi-Wan, na hata wakati wa kupiga picha sehemu ya tisa bado halijatulia. Inaonekana.

KapsabetMoja

Hamjambo wote. Naongeza jambo ambalo sijaona likitajwa hapa.

Sisi huku Kenya tuna sikio letu ndani ya hizi filamu. Return of the Jedi ya 1983 ina Nien Nunb, yule rubani mwenzake Lando kwenye pigano la mwisho. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na maneno yenyewe ni Kikalenjin na Kikuyu. Watazamaji wa kwetu walicheka kwa furaha kwa sababu walimwelewa. Ndiyo maana mimi huwa nasikiliza wahusika wa pembeni wanasema nini.

Na wa pembeni ndiye aliyelijibu swali hili mapema. Maz Kanata, sauti ya Lupita Nyong'o. Mwaka 2015, kwenye ile ngome yake, anamshika Rey mkono na kumwambia kwamba anaowasubiri Jakku hawatarudi, na kwamba pa kwake anapopatafuta hapako nyuma, pako mbele. Abrams huyo huyo ndiye aliyeongoza tukio hilo, na aliliandika pamoja na wenzake! Johnson alichofanya 2017 ni kulifuata neno la Maz. 2019 ikamgeuza Rey shingo atazame nyuma tena.

Kwangu hata ule mwisho wa Tatooine anaousifu dada BintiKisosora una nguvu zaidi bila Palpatine. Asiye na ukoo kuchagua ukoo ni jambo kubwa.

Mzamivu

KapsabetMoja, hapo kwa Maz umenipa kitu cha kurudia kukitazama.

Dada BintiKisosora, hoja ya mtoto wa nyoka naiheshimu sana, ila ilishakuwa na mwenyewe. Luke alishaibeba. Leia, dada yake, pia. Na kwenye filamu hizi tatu imebebwa na Kylo, mjukuu wa Vader, anayeinamia kofia ya babu yake iliyoungua na kuiomba imwongoze. Huyo ndiye wa kuulizwa kama damu inamfunga mtu. Uzuri wa 2017 ni kuwaweka hao wawili chumba kimoja: mmoja ana ukoo mpaka unamlemea, mwingine hana hata wa kumlilia, na wanatamani kile alichonacho mwenzake. Ukishampa Rey naye babu mwovu, unakuwa na Kylo wawili.

Tena Anakin mwenyewe, yule aliyekuja kuwa Vader, alikuwa nani? Mtoto wa mtumwa, hana baba, jasho la Tatooine. Ukoo wote wa Skywalker unaanzia kwa mwanamke aliyenunuliwa na kuuzwa. Yule mtoto wa zizini anayevuta ufagio kwa Nguvu mwisho wa The Last Jedi ametoka mlango huo huo.

Zebaki

Wakuu, mnazunguka sana. Angalieni mapato. 2015 zaidi ya dola bilioni 2, 2017 karibu bilioni 1.3, 2019 karibu bilioni 1.1. Watu walianza kuondoka kwa Johnson.

MwalimuWaZamu

Zebaki, The Empire Strikes Back iliingiza fedha pungufu kuliko ile ya 1977, na leo wengi humu wataiweka namba moja. Tiketi inakueleza watu walitarajia nini walipokuwa wanaingia ukumbini.

AskariAliyetoroka

Nimewasoma nyote na nasikia uchungu, kwa sababu mnamtafuta asiye na jina na mnampita yupo pale pale.

Finn, yule askari wa adui aliyeasi. Alinyang'anywa kwa wazazi akiwa mdogo, akapewa namba, FN-2187. Hata jina alilonalo alipewa na rubani Poe wakiwa wanatoroka. Filamu ya 2015 inaanza naye: mwenzake anakufa, mkono wenye damu unachora mistari kwenye kofia yake nyeupe, na yeye peke yake ndiye anayeshindwa kufyatulia wanakijiji. Matangazo yalimuonyesha ameshika upanga wa mwanga. Kwenye theluji alisimama mbele ya Kylo bila mafunzo yoyote ya upanga huo. Huyu hakuhitaji kuuliza wazazi wake ni nani ili ajue lipi ni baya.

Baadaye? 2017 anapelekwa kasino ya Canto Bight kwenye safari ambayo haizai kitu. 2019 kazi yake ni kukimbia akiita "Rey!" Ana jambo anataka kumwambia, na filamu inaisha hajalisema. Ilibidi tusikie nje ya filamu kwamba ni habari ya yeye kuihisi Nguvu. John Boyega, aliyemwigiza Finn, alizungumza mwaka 2020 na jarida la GQ akasema waziwazi kwamba wahusika weusi walitangazwa kama muhimu kisha wakasukumwa pembeni. Mimi namwamini, kwa sababu nimeona kwa macho yangu.

Inaniuma zaidi nikikumbuka Jannah. Kikosi chake kizima, Kikosi cha 77, ni cha watoto walioibwa kama Finn, wote walikataa kuua raia, wote wakatupa silaha siku moja. Kumbe Finn hakuwa peke yake! Wamepewa mazungumzo mafupi, basi, tumerudi kwa Palpatine. Kwenye mswada wa Trevorrow, Finn anaongoza maasi ya raia kwenye sayari ya Coruscant. Kwa hilo tu mimi nachagua karatasi.

BintiKisosora

AskariAliyetoroka, kwa Finn sina la kupinga hata moja.

Ila tuwe waadilifu kwa waliotengeneza ile ya 2019. Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia, alifariki Desemba 2016, na sehemu ya tisa ndiyo iliyokusudiwa kumpa Leia nafasi kubwa. Walibaki na vipande vya picha visivyotumika vya 2015, wakajenga mazungumzo kuvizunguka. Muongozaji akabadilishwa, na tarehe ilikuwa Desemba 2019. Katika hali hiyo mtu anashika kilicho karibu.

Na kitu kimoja sikitetei: Palpatine kurudi. Vader alimtupa kwenye lile shimo mwaka 1983 na kulipa kwa uhai wake. Kumrudisha kwa sentensi moja ya Poe, na ujumbe wake kusikika kwanza ndani ya mchezo wa Fortnite, ni kumnyang'anya Anakin kifo chake.

Basi mimi naweka chaguo la nne. Damu ibaki, babu abaki kaburini. Rey ni mjukuu wa Palpatine, na Palpatine amekufa kweli. Hakuna wa kumpiga upanga. Adui mkuu ni Kylo, na Rey anabaki na damu yake tu, usiku, peke yake.

MwalimuWaZamu

Hilo linapita kipimo changu kuliko lile la 2019. Tukio la kiti cha enzi linakua, maana Kylo atakuwa amedanganya akiwa na sababu: alitaka Rey ashike mkono wake, na aliyeaminishwa kuwa si kitu ni rahisi kumvuta. James Earl Jones alipoyasoma yale maneno ya Vader mara ya kwanza aliamini Vader anadanganya, na watazamaji walikaa na shaka hiyo miaka mitatu. Uongo kati ya filamu na filamu ni halali.

Swali langu: nani anamwambia Rey ukweli?

BintiKisosora

Leia. Yeye ni binti wa Vader, amebeba aibu hiyo miaka mingi, na hata hivyo akawa jenerali. 2019 Luke anamgusia Rey kwamba Leia alijua na akamfundisha hivyo hivyo. Limepita kwa sekunde chache. Mimi ningelifanya moyo wa filamu.

KapsabetMoja

Lakini kwa vile vipande vya picha vilivyobaki haiwezekani. Ningelimpa Maz. Alimjua Leia, anaujua upanga wa Luke ulikotoka, na ile hadithi ya jinsi ulivyomfikia aliiahirisha 2015 na filamu zilizofuata hazikuisimulia.

Mzamivu

Maz nakubali. Chaguo la nne nalipandisha juu ya 2019, ila bado nalibakiza chini ya 2017. Na vyovyote tutakavyochagua kwa Rey, yale maasi ya Coruscant apewe Finn, na Kikosi cha 77 kiwe nyuma yake.

AskariAliyetoroka

Jannah awe naye mstari wa mbele. Hapo nitatazama.