Pikap haishiki mstari, na ukiigusa stering kidogo yaruka upande. Nianzie wapi?

Mkaazi wa Mikindani: Salaam aleikum wazee. Ni Hilux ya 1994, si fobaifo, ina stering boksi ya pawa (sanduku la meno linalopokea mzunguko wa usukani). Ikifika kilomita 70 kwa saa haitulii, lazima kuirudisha kila mara, na ikipigwa na upepo pale daraja la Mtwapa ndio balaa. Usukani una pleyi ya vidole viwili, yaani wazunguka kiasi hicho kabla tairi hazijageuka. Nyuma imeongezwa springi mbili kila upande kwa ajili ya mizigo, na tairi za mbele zalika ukingo wa ndani. Alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za tairi) imefanywa mara mbili, yatulia siku chache yarudi vile vile. Sasa fundi ataka kukaza skrubu ya boksi. Nimwachie?

Spana 17: Usimwachie, kaka. Boksi huwa ya mwisho. Meno yake yamechongwa yabane zaidi pale katikati, gari linapokwenda wima. Ukikaza kuficha pleyi iliyoko kwengine, boksi lakwama katikati, stering hairudi yenyewe, na wewe wabaki kuirekebisha kila mita. Yaani ugonjwa ule ule, na boksi umeliua.

Tafuta pleyi kwanza. Tairi ziwe chini, injini inanguruma, gari limezuiwa lisitembee. Mtu akae ndani achezeshe usukani kushoto kulia, kiasi cha upana wa kiganja tu. Wewe ulale chini na tochi, ushike kila kiungo kwa mkono: jointi ya shafti inayoingia kwenye boksi, boksi lenyewe na bolti zake za chesisi, pitman (mkono unaotoka kwenye boksi), fimbo ya katikati, aidla upande wa kushoto (mkono unaoishikilia fimbo hiyo upande wa pili), halafu tairodi zote nne (jointi za vifimbo vinavyogeuza tairi). Mkono huhisi mapema kuliko jicho. Pale upande mmoja wa kiungo unapotangulia na wa pili kuchelewa, hapo ndipo. Bolti za boksi usizipite haraka; hewa yetu ya chumvi hula chesisi pale pale.

Kisha nyanyua kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi, zile jointi za mviringo ambazo tairi hugeukia.

Bi Alaimenti: Ndugu, mbona hizo springi hakuna aliyezigusa? Mkia ukipanda na pua ikashuka, kasta (mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia) yapungua. Kasta ndiyo inayoirudisha tairi kwenye mstari. Ikipotea, gari huwa jepesi na la kurukaruka, hasa likiwa tupu. Na toshenbaa za mbele (vyuma vya kujisokota vinavyofanya kazi ya springi) zikilegea kwa umri, kemba huingia ndani, yaani tairi hulala ndani kwa juu. Ukichanganya na tou-auti (tairi kutazama nje kwa mbele), ndio huo ukingo wa ndani unaolika. Ukiweza kuishi na springi moja kila upande, toa moja.

Mkaazi wa Mikindani: Shukrani sana. Tumelala chini leo. Aidla yapanda na kushuka kwa macho, na tairodi ya nje ya kulia yacheza. Boksi halitikisiki.

Spana 17: Basi jibu umelipata. Aidla ikipanda na kushuka, tou (tairi za mbele zinavyoelekeana) hubadilika kila shimo, ndiyo maana alaimenti haikai. Badilisha aidla, na tairodi za nje zote mbili. Ukizitoa, gonga ubavu wa jicho la stering am (mkono wa kwenye tairi unaoshika tairodi) kwa nyundo, usigonge uzi. Nati yenye mapengo ya pini ya kufunga isipolingana na tundu la pini, kaza mpaka pengo linalofuata, usilegeze kurudi nyuma. Aidla ikiwa ya bushi za mpira, kaza nati yake tairi zikitazama mbele kabisa, la sivyo mpira utavuta upande mmoja daima. Mirija ya kurekebishia urefu wa tairodi, yenye kutu, ifungue sasa, uipake grisi; mtu wa alaimenti akikuta imegandamana atakurudisha nyumbani.

Ukimaliza, pima pleyi kwenye ukingo wa usukani. Ikizidi milimita 30 ndipo urudi kwenye boksi: tairi wima, legeza lokinati (nati inayoifunga skrubu), zungusha skrubu sehemu moja ya nane ya mzunguko tu, jaribu. Stering ikiwa nzito katikati, rudisha.

Bi Alaimenti: Na kabla ya kuja alaimenti, jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni, tairi mbili za mbele ziwe aina moja, na urefu wa mbele usawazishwe kulia na kushoto kwa bolti za toshenbaa. Beba mzigo wa kawaida yako. Mwambie fundi apime kasta pia, si tou peke yake, na akupe karatasi ya vipimo. Kasta za pande mbili zisipishane zaidi ya nusu digrii. Baadaye jaribu kwenye lami isiyo na mifereji. Njia ya malori kuelekea Mariakani itakudanganya, hata gari lisilo na ubovu huvutwa pale.