Tupeane uzoefu: nywele za kipilipili na harufu unayoipenda kichwani

Mwanamkasi
Wapenzi, jana kwenye daladala la Mbagala aliketi mbele yangu mama mtu mzima, nywele zake kaziacha kama alivyoumbwa nazo, kasuka mabutu, kichwa kizima kinanukia mlangilangi na mafuta ya nazi. Sijaisikia harufu ile tangu bibi yangu wa Mkoani, Pemba, afariki. Nilipitiliza kituo.

Bibi alikuwa anakuna nazi, anakamua tui zito, anaweka motoni polepole mpaka mafuta yanajitenga na mashapo yanageuka kahawia. Akiipua, anatumbukiza maua ya mlangilangi aliyoyaacha yanyauke kidogo ili yasiingize maji, anafunika mpaka kesho yake. Siku hizi tukiongelea nywele za asili tunaongelea makopo tu. Wewe unazitunzaje, na unazitia harufu gani? Na kama kuna siku ulipata taabu kwa ajili ya nywele, mwaga hapa.

Dada wa Isamilo
Umenikumbusha chanuo la moto! Mama analiweka kwenye jiko la mkaa, analijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likigeuka kahawia, anasubiri lipoe. "Shika sikio!" Mkesha wa Krismasi nyumba nzima inanuka mafuta ya mgando na nywele. Alama ninayo mpaka leo nyuma ya sikio la kushoto.

Shuka la Hariri
"Shika sikio" tumeambiwa nchi nzima.

Msusi wa Temeke
Niseme kama mtu anayeshika vichwa vya watu kila siku. Unywele wa kipilipili unajikunja tangu kwenye ngozi, kwa hiyo mafuta ya kichwa yenyewe hayafiki nchani. Ndiyo maana ncha zinakauka na kukatika, na watu wanasema "nywele zangu hazikui". Zinakua, karibu sentimita 1 kwa mwezi, ila zinakatika kwa kasi ileile.

Maji kwanza, mafuta baadaye. Mafuta hayaleti unyevu, yanauzuia usitoke. Mteja anakuja kapaka mafuta juu ya nywele kavu wiki nzima, anashangaa zinavunjika mkononi. Chana zikiwa zimelowa na zina kondishena, anzia nchani upande juu. Na wenzangu mnaooga maji ya visima vya chumvi hapa Dar, hayo maji yanazikakamaza. Suuza mwisho kwa maji ya mvua, au siki kidogo kwenye maji mengi.

Mtoto wa Mvita
Naam, dada kasema kweli. Huku Mombasa mamangu hutia maua ya vilua na asumini. Asumini huchumwa jioni ingali vitumba, unaitunga kwenye uzi, ukishaifunga kichwani yafunguka yenyewe usiku. Ukilala nayo, mto wanukia mpaka asubuhi.

Dada wa Isamilo
Vilua Mwanza nitavitoa wapi, ndugu yangu? Tuambieni vitu tunavyovipata.

Mtoto wa Mvita
Panda. Asumini yakubali hata kwenye kopo.

Dodoma Kavu
Msusi, mimi nakupinga kidogo. Watu wa Dar mmezoea hewa yenye unyevu. Glisarini kwenu inavuta unyevu kutoka hewani, nywele zinalainika. Huku kwetu kiangazi hewa ni kavu, hiyohiyo glisarini inavuta maji kutoka kwenye unywele wenyewe. Nilifuata ushauri wa saluni moja ya Dar nikarudi Dodoma na kichwa cha nyasi.

Msusi wa Temeke
Kakangu au dadangu, mimi sijataja glisarini popote. Soma tena.

Dodoma Kavu
Hukuitaja, lakini ninyi wasusi ndio mnaoiuza.

Msusi wa Temeke
Mimi nauza mkono wangu. Dodoma tumia mafuta ya nyonyo nchani, funga kilemba cha satini usiku, uniache.

Pilipili Manga
Mafuta ya nyonyo yanakuza nywele kweli?

Msusi wa Temeke
Yanazuia zisikatike. Atakayekuambia yanaotesha, muulize kwa nini nyusi zake hazijafika mashavuni.

Kungwi Mstaafu
Wanangu, kichwa kinafukizwa, hakipuliziwi. Osha nywele, zikaushe nusu, kisha weka udi au ubani kwenye chetezo, jifunike kanga. Nywele zenye unyevunyevu hushika moshi, harufu inakaa siku kadhaa. Ubani mzuri ni ule wa Dhofari, unatoka Omani, vipande vyeupe vinavyopitisha mwanga. Manukato ya chupa yana spiriti, yanakausha nywele.

Mwanahawa wa Ngamiani
Shikamoo bibi. Nimesoma hapo uliposema chetezo, mkono ukaenda wenyewe kisogoni. Niwahadithie.

Harusi yangu ilikuwa Tanga, nyumbani kwa mama mkubwa. Nywele nilizikuza tangu nimalize shule, maana shuleni tulinyolewa wote, kila muhula, mwalimu anakagua mlangoni kwa kupitisha kidole. Kwa hiyo zile zilikuwa nywele zangu za kwanza maishani. Zikivutwa zinagusa mabega. Shangazi mmoja alitaka zitiwe dawa zilale, somo yangu, ndiye kungwi wangu, akakataa katakata: tutazifunga, tutazifukiza, tutabandika kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia.

Nimeshasingwa, nimeshatiwa hina mikono na miguu, nimekaa mkekani, chetezo kipo nyuma yangu, kanga imetandwa kichwani moshi usitoke. Nilikuwa nasinzia kwa raha. Akaingia wifi yangu, katoka safari na chupa ya manukato ya kupulizia, ya bei. Kwa mapenzi tu akainua pindo la kanga akanipulizia kisogoni.

Nilisikia "vup!" Mwanga sikuuona. Joto shingoni, halafu makelele. Kaa lilikuwa jekundu na yale manukato ni spiriti; kanga ikashika, nywele zikashika kwa sababu zilikuwa na mafuta. Somo yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alinyanyua beseni la maji ya kuoshea miguu akanimwagia lote, kisha akaikwapua ile kanga kwa mkono mtupu akaitupa uani. Mkono wake uliungua kuliko kichwa changu.

Kisogo chote kiliondoka. Zahanati walinipaka dawa, wakanifunga bandeji. Ndoa ilifungwa alasiri kama ilivyopangwa, nilitolewa na ushungi, somo kakaa pembeni yangu mkono una bandeji. Kwa mkono mmoja alinibandika kikuba begani, akasema bibi harusi hatoki bila asumini. Mume wangu aliambiwa siku ya pili.

Shuka la Hariri
Nimesoma nimeshika kichwa. Pole sana mwaya.

Pilipili Manga
Somo apewe ng'ombe.

Sauti ya Buguruni
Mimi nasema wifi alikuwa na lake. Chumba kimejaa watu, apulizie palepale penye moto?

Dada wa Isamilo
Msianze. Kila ajali mnatafuta mchawi.

Sauti ya Buguruni
Sijasema uchawi, nimesema wifi.

Mwanahawa wa Ngamiani
Wifi yangu msimguse. Ndiye aliyekuwa anakuja kila Ijumaa kunipaka shubiri mpaka ngozi ikapona, analia kuliko mimi. Chupa ile hakuna aliyemwambia inawaka. Nimeandika ili bibi harusi wa kesho asikae hivyo, na anayemfukiza ajue.

Kungwi Mstaafu
Marahaba mwanangu, na somo yako Mungu amlipe. Basi mnisikilize vizuri. Chetezo kiwe na majivu juu ya makaa, moshi utoke bila mwali. Kikae mbali na pindo la kanga, na mtu mmoja kazi yake iwe kukitazama tu. Manukato ya chupa yasiingie chumba hicho. Na mafuta yapakwe baada ya kufukiza.

Pilipili Manga
Nywele ziliota, dada?

Mwanahawa wa Ngamiani
Ziliota, isipokuwa sehemu ndogo ya chini. Nasuka kuelekea juu, haionekani.

Nyota wa Minneapolis
Huku baridi inazikomesha. Nje barafu, ndani hita inakausha hewa, kofia ya sufu inanyonya kilichobaki. Nimeshona kitambaa cha satini ndani ya kofia zangu zote. Na nimeacha dawa ya nywele kabisa tangu Oktoba 2022, ulipotoka utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya hapa Marekani. Walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa ambao hawakutumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 walikadiriwa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia mara kwa mara, asilimia 4.05.

Sauti ya Buguruni
Mnatutisha. Mama yangu kaweka dawa maisha yake yote, mzima.

Nyota wa Minneapolis
Na awe mzima, amina. Utafiti hausemi kila mtu ataugua, wala haujathibitisha dawa ndiyo chanzo. Umeonyesha wanaotumia sana wanaugua zaidi, mimi inanitosha.

Msusi wa Temeke
Dawa nimeitia miaka mingi saluni. Inavunja viungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje, na havirudi. Unasubiri mpya ziote. Atakayeiweka asikune kichwa siku hiyo, na asisukwe rasta nzito wiki hiyohiyo. Vipara vingi vya mbele nilivyoviona vimetokana na kuvutwa.

Karafuu Moja
Naongezea: mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayotoka kiwanda cha Wawi, Pemba, yananukia vizuri mno, ila ni makali. Dada yangu aliyatia kichwani bila kuchanganya na chochote, ngozi ikababuka. Matone mawili matatu kwenye kikombe cha mafuta ya nazi yanatosha.

Dodoma Kavu
Mafuta ya nazi yenyewe kwangu yanazikakamaza.

Mtoto wa Mvita
Haiwezekani.

Dodoma Kavu
Inawezekana kwenye kichwa changu, wewe hukioni.

Msusi wa Temeke
Hapo Dodoma yuko sahihi. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele, wengine yanawafaa sana, wengine zinakuwa ngumu. Jaribu ya ufuta.

Kaka Kinyozi
Samahani akina mama kuingilia. Na ndevu za kipilipili je? Zinatuwasha, na wengine tunaoa mwezi ujao.

Kungwi Mstaafu
Mwanangu, ndevu nazo ni nywele: maji kwanza, kisha tone la ufuta, uzichane kuelekea chini. Harufu usiitie kwenye ndevu, ngozi ya hapo imetoka kunyolewa. Miski ya mafuta, nyuma ya masikio na kwenye viganja. Na kanzu uifukize usiku uliotangulia, si asubuhi ya harusi.