Uji wa saa nne: ambaye mzazi wake hakuchangia, anywe au asinywe?

Mama_Neema: Habari za jioni wakuu. Nafundisha darasa la pili shule ya serikali hapa Mwanza, na mwanangu yuko la nne shule hiyohiyo, kwa hiyo mawe ya walimu na ya wazazi yote nirushieni mimi. Kikao cha wazazi kilipitisha kila mtoto alete kilo tano za mahindi na shilingi 3,000 kwa muhula, za uji. Darasani kwangu ni watoto 112, waliotoa ni 47. Mkuu wa shule kasema anywe aliye kwenye orodha, na orodha kanipa mimi. Saa nne nasimama kando ya sufuria na daftari mkononi. Juzi katoto kamoja kasiko kwenye orodha kamekuja na kikombe cha plastiki kakificha ndani ya sweta. Nikageuka nikaangalia upande wa choo mpaka mpishi akamaliza kumimina. Jana wamekuja watano, vikombe ndani ya sweta. Mnanishauri nini?

Fundi_Gereji: Si tuliambiwa elimu bure? Magufuli alipiga marufuku michango 2016. Nyie mnatafuta hela ya kusukia nywele kupitia sufuria la uji.

Mama_Neema: Kaka nimenyoa kipara mwaka wa tatu huu. Sema lingine.

Karani_Mstaafu: Fundi, usichanganye mafaili. Ada ilifutwa kwa Waraka Na. 5 wa 2015, ukaanza kazi Januari 2016. Katazo la michango ni Januari 2018, na hata hapo ikaelezwa kwamba mwenye kutaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike hela. Waraka Na. 3 wa 2016 nao unasema sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi.

Fundi_Gereji: Mama muuza dagaa wa Igoma huo waraka anausomea wapi? Yeye kasikia neno moja tu, bure, na lilitoka jukwaani, halikutoka kwako.

Mzee_wa_Bulga: Sisi tulipikiwa bulga, ile ngano ya kupondwa, na maziwa ya unga, hakuna daftari wala orodha. Lakini walimu wa enzi zile walikuwa walimu. Hawa wa leo ni voda fasta, walimu wa kupikwa harakaharaka, huruma watatoa wapi?

Mama_Neema: Shikamoo mzee wangu. Hapo umenichoma. Nimekaa chuo cha ualimu miaka miwili, nina cheti cha ualimu cha Daraja A. Voda fasta walikuwa wa sekondari, zile shule za kata. Usituvalishe wote sare moja.

Sir_Kalumanzila: Ahaa, kwa hiyo dada unatutupa sisi ndiyo uokoke? Mimi hapa ni voda fasta. Nimetoka kidato cha sita, mafunzo mwezi mmoja, nikapelekwa shule ya kata ambayo madarasa mawili hayakuwa na milango. Hisabati kidato cha kwanza mpaka cha nne peke yangu. Baadaye nikaenda chuo kikuu kwa hela yangu. Wanafunzi wangu wawili ni madaktari leo, lakini jina mpaka leo ni voda fasta.

Mama_Neema: Sikukutupa, nimesahihisha.

Binti_Kirumba: Mzee wa Bulga, ngoja nikuulize kwa adabu. Enzi zako si ndiyo UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma 1974? Si ndipo waliomaliza la saba walipochukuliwa kufundisha? Bulga mlikunywa, sawa, ila aliyewashikia chaki alikuwa kaka yenu.

Mzee_wa_Bulga: Huyo kaka yetu alitufundisha kuandika mwandiko unaosomeka. Wewe andika barua leo tuone.

Binti_Kirumba: Barua ya nini mzee, ya posa?

Tabora_Boy: Jina voda fasta lilitokana na ile vocha ya Vodacom, unaongeza salio la simu fasta bila kukwangua.

Sir_Kalumanzila: Tulioitwa tunajua, hatuhitaji kufafanuliwa.

Karani_Mstaafu: Narudi kwenye hesabu. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinafika 6,000. Gawa kwa siku 194 za masomo, ni shilingi 31 hivi kwa siku, na humo kuna chaki, mitihani na ukarabati. Andazi gani linauzwa shilingi 31?

Tabora_Boy: Vocha ya kukwangua ilikuwepo pia, ila fasta ilikuwa ya muuza duka anakurushia.

Fundi_Gereji: Nina watoto wawili shule ya serikali. Mdogo jana kaniambia mwenzake anakunywa maji ya bomba saa nne halafu analaza kichwa kwenye dawati. Nikamuuliza mwalimu anafanyaje, kasema anamwacha alale. Nilitaka nimtukane huyo mwalimu, sasa hivi sijui.

Mama_Neema: Tunawaacha walale, ndiyo. Ukimwamsha mwenye njaa analia, na darasa zima linageuka. Mrejesho: leo vikombe vya kwenye sweta vilikuwa kumi na kimoja. Mpishi kaongeza maji, uji umekuwa mwepesi, na mama mmoja aliyechangia kapiga simu kulalamika. Na ana haki, mahindi ni yake.

Binti_Kirumba: Huyo mama mimi namuunga mkono. Natoa kila muhula, jirani yangu kila Jumapili yuko bia tatu, mtoto wake anywe uji wangu?

Sir_Kalumanzila: Bia kanywa baba, njaa kapewa mtoto.

Fundi_Gereji: Mwalimu, nitumie ujumbe pembeni niambie shule. Naleta debe mbili za mahindi. Sharti langu moja, hiyo orodha ichanwe.

Mama_Neema: Siwezi kuchana, ni ya mkuu wa shule. Kuisahau nyumbani naweza.

Tabora_Boy: Kwa hiyo kuhusu vocha mmekubali au bado?