Naomba ushauri: makanisa ya kale vijijini Uingereza, nimpeleke mama wapi?

MwanaMuheza: Wakuu, salaam. Mama anakuja kunitembelea hapa Nottingham mwezi wa sita. Ni Mwanglikana, kakulia Magila, ile misheni ya Kianglikana kule Muheza, na London haitaki. Anataka makanisa ya zamani ya vijijini. Sina gari, na magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi? Na huko mtu anaingia tu au mpaka aombe ruhusa?

Pwagu: Fairford, Gloucestershire. Kanisa lake lina madirisha 28 ya vioo vya rangi yenye picha za Biblia, ya miaka ya 1500 hivi, na yamebaki karibu yote. Mama atasoma Biblia bila miwani.

MwanaMuheza: Mkuu, bila gari huko si nitamtesa?

Shangazi wa Leicester: Mtoto wa Magila unampeleka Gloucestershire kufanya nini? Mpeleke Lincolnshire. Edward Steere, yule askofu aliyejenga kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, kabla ya Zanzibar alikuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping. Askofu Tozer, waliyefika naye Unguja mwaka 1864, alitokea Burgh le Marsh, hapohapo jirani. Treni ya Nottingham inakwenda moja kwa moja hadi Skegness. Ukishuka chukua teksi, elewana na dereva awasubiri. Basi za vijijini usizitegemee, Jumapili ndiyo kabisa.

Kuhusu kuingia: mengi huwa wazi mchana na hayana kiingilio, kuna sanduku la sadaka tu. Ukikuta limefungwa, soma tangazo la barazani. Mara nyingi wameandika ufunguo uko kwa nani. Ila kwa safari ya mama, waandikie parokia mapema, maana kasisi mmoja siku hizi anahudumia makanisa kadhaa. Na ukikuta mlango wa wavu barazani, urudishie. Unazuia ndege wasiingie.

Pwagu: Shangazi kanifunga mdomo, nakubali. Lakini treni hiyo inapita Boston, shukeni hata saa moja. Si kijiji, ila mnara wa kanisa la St Botolph unazidi mita 80, unaonekana toka mbali kwenye ile nchi tambarare.

MwanaMuheza: Asante sana Shangazi, shikamoo. Mwezi wa sita abebe sweta?

Shangazi wa Leicester: Marahaba mwanangu. Abebe, kuta za mawe zina baridi hata jua likiwaka. Na fimbo pia: sakafu za humo mara nyingi ni mabamba ya makaburi, hayako sawa.