Kilifishi gani wa kuanza naye hapa Mwanza: striatum wa Gabon, gardneri au guentheri wa Unguja?

kijana_wa_Igoma

Wakuu habari za jioni. Nina tangi moja la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, liko tupu tangu wale sato wangu walipokua wakaanza kung'oa kila kitu mpaka filta (walishakaangwa, msinihukumu). Sasa nataka samaki wadogo wenye rangi na kila nikisoma naishia kwa kilifishi. Kwa wasiojua, sio samaki wa Kilifi na wala hawaui mtu, jina linasemekana limetoka kwa Waholanzi, kil kwao ni kama kijito.

Sasa chaguo ninazo tatu na hela ya chaguo moja. Kuna jamaa Dar ana jozi ya Aphyosemion striatum, hawa wa msitu wa mvua Gabon, sentimita 5 hivi, dume ana mistari myekundu imenyooka toka kichwani mpaka mkiani juu ya kijani inayoelekea bluu, anataka elfu 60 na kwenye picha kaandika "Cap Esterias" sijui ndio kampuni. Kuna duka linauza gardneri, jozi elfu 15, wakubwa kidogo wana madoa mekundu, lebo hakuna. Halafu kuna mtu anauza mayai ya guentheri wa Unguja kwenye kimfuko cha mboji, elfu 10 mayai 40, eti unamwagia maji yanatotoa. Hii ya mwisho naona kabisa napigwa. Maji yangu ni ya bomba, joto ni hili hili mnalijua. Nisaidieni.

Mama_Viluwiluwi

Hupigwi mwanangu. Unamjua kamongo anavyojichimbia kwenye tope kiangazi? Guentheri ni hivyo hivyo ila anayelala ni yai. Dimbwi likikauka wakubwa wanakufa wote, mayai yanasubiri mvua. Mi nilishatotoa, nilikaa nayo kabatini miezi mitatu na nusu, mboji ina unyevu kama wa tumbaku, jioni nikamwagia maji ya baridi kidogo, asubuhi naona vinukta vina macho vinarukaruka. Wiki ya 6 dume ameshavaa suti yote, mgongo wa bluu mkia mwekundu. Ila mwaka hauishi kashazeeka amekufa, na wewe unabaki na kimfuko cha mboji unasubiri tena. Mimi hiyo ya kusubiri napenda, mume wangu ananiambia nafuga udongo.

Chakula usiwaze, viluwiluwi. Weka ndoo ya maji na majani makavu uani, ila kila siku uchote, ukipitisha siku 4 au 5 bila kuchota utakuwa unawafugia majirani mbu.

mtaalam_wa_kijiwe

elfu 60 samaki wa sentimita 5 😂😂 hapo sokoni Mwaloni unarudi na dagaa wa mwezi mzima na nauli ya boda inabaki. chukua gardneri bana, samaki ni samaki

Sponji_na_Pampu

Mtaalam we endelea na dagaa. Kijana, Cap Esterias sio kampuni, ni rasi iko juu kidogo ya Libreville, na hayo maneno mawili ndiyo yanafanya wawe elfu 60.

Hawa samaki hawakai mto mkubwa. Wanakaa vijito vya ndani ya msitu ambavyo vingine unavuka kwa hatua moja, maji rangi ya chai ya rangi, chini majani yaliyooza, na wenyewe wanajibana pembeni kabisa ambapo maji hayafiki hata kifundo cha mguu kwa sababu huko katikati kuna wa kuwala. Wanaokota sisimizi na vidudu vinavyodondoka toka kwenye miti. Samaki wa hivyo hana safari. Wa kijito hiki na wa kijito cha nyuma ya kilima wanaweza kukaa vizazi na vizazi hawajawahi kuonana, ndio maana unakuta spishi moja lakini madume ya huku na ya kule hayafanani rangi. Striatum huyo huyo kuna wa Lambaréné, kule mto Ogooué, na wafugaji makini wanawaweka tangi lao mbali na wa Cap Esterias. Gardneri ndio usiseme, kaenea Nigeria na Kameruni, msituni mpaka savana, kuna wa Akure, wa Makurdi, wa Lafia, wa Misaje, wengine mapezi yana ukingo wa njano wengine ukingo mweupe. Huyo wa duka ni wa wapi? Hakuna anayejua, na hatajua mtu tena.

Na tatizo kubwa ni majike. Dume unaweza kukisia, jike wa striatum, wa gardneri, wa wenzao kumi wengine, wote kahawia na vidoa vya kubahatisha. Mtu akikuchanganyia majike kwenye ndoo moja imekula kwako. Ukizalisha mchanganyiko kuna wakati watoto wanatoka tasa, na kuna wakati wanazaa vizuri tu, hiyo ya pili ndio mbaya zaidi maana unasambaza kitu ambacho hakipo kwenye kijito chochote duniani. Wanaovua kule porini huwa wanaandika jina la mahali, au herufi za nchi, herufi za majina yao, mwaka na namba ya kituo walipovua. Hiyo karatasi inatembea na samaki toka tangi hadi tangi. Ikipotea una pambo.

kijana_wa_Igoma

Kwa hiyo nalipia karatasi

Sponji_na_Pampu

Unalipia karatasi, samaki ni nyongeza.

Mama_Viluwiluwi

Nakubaliana na Sponji kasoro sehemu moja. Huyu ni mara yake ya kwanza, na mara ya kwanza lazima uue. Tusidanganyane, wote hapa tuliua. Sasa bora aue wa elfu 15 asiye na karatasi kuliko aue wa Cap Esterias. Gardneri mgumu, anavumilia maji, anakula vizuri. Ila ujue dume lake ni mkorofi, anaweza kumkimbiza jike mpaka anachanika mapezi, weka vichaka vya kutosha au majike wawili kwa dume mmoja. Striatum mpole zaidi.

BukobaKwetu

Mimi nashangaa watu wa Mwanza mnagombania samaki wa Gabon wakati kilifishi mnao mlangoni. Kuna mmoja ana jina la mji wetu kabisa, Aplocheilichthys bukobanus, siku hizi wanamwita Lacustricola. Mdogo, hapiti sentimita 5, macho yana mng'ao wa bluu kama taa ndogo, anakaa kwenye majani pembezoni mwa ziwa na kwenye vijito. Hakuna anayemtaka kwa sababu hana mistari myekundu. Chukua kikapu cha chandarua ukavue mwenyewe bure.

Sponji_na_Pampu

Bukoba umenigusa pabaya, nawapenda hao macho taa. Lakini ni wa kundi, mmoja mmoja au jozi wanadhoofika, na ukienda kuvua andika ulipovua, maana ni yale yale, wa kijito chako sio lazima wawe sawa na wa kwetu. Na tafadhali asije mtu akachoka na gardneri wake akaenda kummwaga mto Mirongo. Yaani hata mmoja. Ukishindwa mpe mtu.

MzeeWaNyakato

Vijana hamjambo. Nimesoma nikakumbuka furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikasema niandike.

Mimi nilianza kazi ya uvuvi nikiwa kijana mdogo. Wakati huo ukivuta wavu, furu. Ukitupa ndoano, furu. Walikuwa wengi mpaka miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda hapa Mwanza cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo, trola zilikuwa zinawaleta. Sisi tulikuwa tunaita wote furu, basi, ila wazee wetu walikuwa wanajua kuwa wa kwenye mawe sio wa kwenye mchanga, na wa kisiwa hiki sio wa kile. Kuna watafiti walikuja toka chuo cha Leiden Uholanzi mwishoni mwa miaka hiyo, wakawa wanavua ghuba yetu na kuwahesabu, nao wakawa wanakuta kila siku mpya. Sangara alishawekwa ziwani zamani, miaka ya 1950 na kuendelea, lakini kwetu alilipuka miaka ya 1980. Ndani ya miaka michache nyavu zikawa hazina furu. Spishi zaidi ya 500 zilikuwa ziwa zima, na wanaojua wanakadiria kama 200 zilipotea, wengine walikuwa bado wana majina ya utani tu, hawajaandikwa popote. Wengine wamerudi kidogo baadaye, sikatai.

Sikuandika kumsema sangara, amenisomeshea watoto. Ila huyo bwana wa Sponji anaposema karatasi mimi namwelewa sana.

kijana_wa_Igoma

Shikamoo mzee. Hiyo ya majina ya utani imenikaa. Sasa huko Gabon hao striatum wenyewe wana hali gani?

Sponji_na_Pampu

Marahaba anaitikia mzee, mi niko rika lako. Hali inategemea kijito, ndio ubaya wake. Samaki wa aina hii akienea nchi nzima kwenye ramani anaonekana yuko salama, lakini kila kijito ni kundi lake. Ukikata miti juu ya kijito jua linaingia, maji yanapata moto, tope la shambani linafunika yale majani ya chini ambako vifaranga vinajificha. Hakuna aliyewavua wote, hakuna sumu, ila wiki mbili za msumeno zinatosha. Na hawawezi kuhamia kijito cha jirani kwa sababu kufika huko lazima wapite mto mkubwa.

Dada_wa_Maabara

Naona hakuna aliyeongelea maji. Wa msitu wa mvua wanapenda maji laini yenye asidi kidogo na ubaridi, nyuzi 20 hadi 24. Habari njema ni kwamba maji ya ziwa letu ni laini, upitishaji umeme wake (kipimo cha chumvi na madini yaliyomo) unazunguka maikrosimensi 100 kwa sentimita, watu wa Dar wenye maji ya visima wangelia kwa furaha. Habari mbaya asidi hayana, mchana juu ya ziwa mwani ukifanya kazi yanapanda hata kupita 8. Na ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ndio utumie. Nakushauri nusu ya bomba nusu ya mvua, ya mvua usikinge dakika za mwanzo bati likiwa linajiosha. Majani ya mkungu makavu mawili matatu chini, maji yatageuka chai na asidi itashuka taratibu. Joto tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari usiku panapoa vizuri, weka tangi chini, sio juu ya friji na sio dirishani.

fundi_vioo_wa_mtaa

mfuniko. watu wote mmeongea hakuna aliyesema mfuniko. hao wanaruka kuliko panzi, nafasi ya kidole inawatosha. nimekata vioo vya watu wanne wa kilifishi na watatu walirudi baada ya msiba

kijana_wa_Igoma

Nimechukua striatum. Mama samahani, najua. Wamefika na basi la usiku kwenye mfuko ndani ya boksi la magodoro, wazima. Uzi wa sweta wa kijani nimefunga kwenye kizibo unaelea ili watagie humo, kama alivyonielekeza Sponji, dume anatetemeka pembeni ya jike wanaingia ndani ya uzi wanatulia wanatoka. Mayai ni kama punje ya mchanga mkubwa, unadhani yatapasuka kumbe magumu unayashika na vidole.

kijana_wa_Igoma

Wiki ya 3. Jike karuka. Kona ya nyuma ambapo waya wa pampu unapita niliacha tundu nikasema ntaziba Jumamosi. Nimemkuta Ijumaa asubuhi nyuma ya kabati amekauka kama dagaa. Nimepita lile duka wakaniambia chukua tu hili jike la kahawia elfu 7, yote sawa. Nimelishika ule mfuko nikaliangalia kama dakika tano nzima, kweli lilikuwa sawa kabisa na la kwangu, nikalirudisha.

mtaalam_wa_kijiwe

pole mkuu. hapa sitanii

Mama_Viluwiluwi

Pole. Mayai uliyotoa kwenye uzi uliyahifadhi?

kijana_wa_Igoma

Yalikuwa 11 kwenye kikopo cha siagi, maji ya mkungu, kila siku natoa lililogeuka jeupe. Yaliyotoka meupe ni mawili. Leo asubuhi siku ya 13 vimetotoka 6, matatu bado naona macho ndani yanageuka. Nimewapa maji ya kijani ya kwenye beseni, artemia (vile viduvi vya maji chumvi vya kulisha vifaranga) naanza kutotoa usiku huu. Kikopo nimebandika plasta nimeandika striatum Cap Esterias na tarehe.

Sponji_na_Pampu

Kati ya 9 majike hayakosi. Bandika na kwenye mfuniko pia, vikopo huwa vinabadilishana vifuniko.

fundi_vioo_wa_mtaa

njoo na kipimo cha ile kona, upana wa waya usisahau, nakukatia leo leo