Mrejesho: binti wa wakulima wa Aberdeenshire, Uskoti, aliyenipotea baada ya sensa ya 1851

Ndugu zangu, niliwauliza alikokwenda bibi mzaa babu wa mume wangu, ambaye sensa ya 1851 inamtaja akiwa na miaka mitano shambani kwa wazazi wake, kisha haonekani tena. Nawashukuru nyote, kwa kuwa amepatikana.

Ushauri uliofungua njia ni ule wa kuanzia kifoni na kurudi nyuma, tena kwa jina la ukoo alilozaliwa nalo, kwa sababu kumbukumbu za Uskoti humhifadhia mwanamke jina hilo hata akiolewa. Uandikishaji wa serikali ulioanza 1855 unataka cheti cha kifo kitaje baba na mama wa marehemu, pamoja na ukoo wa mama huyo. Niliposoma majina ya wazazi wake pale, machozi yalinitoka. Cheti cha ndoa nacho kiliwataja wazazi walewale.

Katika sensa ya 1861 karani alikuwa amekosea ukoo wake, hivyo nilitafuta kwa jina la kwanza, umri na parokia aliyozaliwa, nikamkuta ni mtumishi wa kukamua ng'ombe katika shamba la watu wengine, akiwa na miaka 15 tu.

Ubatizo wake sijaupata. Nilipekua daftari za Kanisa la Uskoti bila mafanikio. Huenda familia ilihamia Kanisa Huru lililojitenga mwaka 1843, ambalo daftari zake ni za peke yake, na za parokia ile sikuziona.