Mito ya trauti: ibaki ya nzi bandia tu ama hata wa minyoo aruhusiwe?

Mtu wa Kericho:
Wadau hii kitu inanikera. Huku kwetu tuko na mito ya trauti, wale samaki wa maji baridi ya milimani, na tangu enzi za mkoloni desturi ni ati uvue na flai pekee, yaani ndoano imefungwa manyoya na uzi hadi inakaa mdudu. Kijana wa kijiji akishuka mtoni na minyoo amechimba shambani anaitwa jangili, mgeni akishuka na fimbo ya kuvulia ya bei ya ng'ombe anaitwa mwanamichezo!! Na trauti mwenyewe hata si wa hapa, walowezi walimtoa Uskoti 1905 wakamweka mto Gura kule milima ya Aberdare, sasa hiyo stori ya ati flai pekee inalinda asili mnieleze polepole. Minyoo iruhusiwe.

Mvuvi wa Dunga:
Hapo kwa ugeni sikubali bro. Mbuta (sangara) pia aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 50 lakini sheria ya saizi iko, chini ya sentimita 50 unarudisha, juu ya 85 pia unarudisha maana hao ndio wazazi. Ingekuwa ni ugeni tu tungemaliza wote tubaki kuangaliana.

Dada wa Nakuru:
Mimi kazi yangu ni kufunga hizo flai, zinaenda Uingereza, na wengi wetu tunaofunga hatujawahi kuvua hata siku moja, hiyo tuongee siku ingine. Swali ni samaki unamrudisha ama unamla? Trauti akiuma flai anaonja uzi na manyoya, anatema mara moja, so lazima uvute haraka na ndoano inashika mdomoni tu, unaitoa anaenda zake akiwa hai. Mnyoo ni chakula kweli, anameza ndoano hadi tumboni, huyo hata ukimrudisha wengi wao hufa. Kwa hivyo penye samaki anarudishwa flai pekee ni sawa kabisa. Lakini penye watu wanabeba nyumbani hiyo sheria haina kazi, samaki wa sufuria hajali alivuliwa na nini, hapo weka idadi kwa kila mtu basi.

Na hiyo ya fimbo ya bei ya ng'ombe pia si lazima. Wajapani wa milimani walikuwa wanavua samaki wa jamii ya trauti na mwanzi mrefu, uzi umefungwa kwa ncha, hakuna rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi), na flai mwisho wa uzi. Pindua mawe mtoni utaona lava, yaani watoto wa wadudu, wamejijengea vinyumba vya mchanga na vijiti, unafunga flai ya kufanana na huyo kwa sufu ya kahawia, waya ya shaba kidogo izame, na unyoya mmoja wa shingo ya jogoo. Kijana anaweza kujifunza hiyo jioni moja nikiwa nimekaa naye, ndoano tu ndio ya kununua.

Mtu wa Kericho:
Dada hapo kwa kumeza umenishika, nakubali penye wanarudisha. Lakini hujagusa leseni ya kuvua. Flai ya jogoo anaweza kufunga, mwanzi atakata, halafu anafika mtoni anaambiwa alipe sawa na mtalii? Hapo bado hatujamalizana, na nani atakaa huko juu kuhesabu samaki wa kila mtu?

Mvuvi wa Dunga:
BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia ufuo, wanahesabu huku kwetu ufuoni. Kwa mto wenu wachagueni watu wa hapo hapo, si mtu wa kutoka ofisini.